Kutazama ndege kwenye mabwawa ya Haller Park Bamburi: usimame wapi, uangalie nini

Watu wengi wakisikia Haller Park, ile bustani ya wanyama ya Mombasa iliyo ndani ya machimbo ya zamani ya chokaa, wanafikiria twiga na kiboko tu, wanaenda, wanalisha twiga, wanapiga selfi, wanarudi zao Kongowea na ndege wamewapita juu ya kichwa siku nzima. Sasa hii nimeandika kwa yule anayetaka kwenda pale kwa ajili ya ndege, hasa hawa wa majini, na hana mtu wa kumuonyesha. Sio lazima uwe na kamera ya bei mbaya wala ujue majina ya kisayansi, unahitaji asubuhi moja, darubini ya kukopa na subira, na hiyo subira ndo ngumu kuliko zote.

Kwanza elewa lile shimo

Usiruke hii sehemu ukidhani ni historia ya kujaza nafasi, manake ukijua pale mahali palitengenezwa vipi unajua moja kwa moja usimame wapi. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutoa saruji 1954, na saruji inataka chokaa, na chokaa ya pwani ni huu mwamba wa matumbawe ya kale tunaoishi juu yake. Wakachimba, wakasogea, wakachimba tena, mpaka nyuma yao wakaacha jangwa jeupe, mwamba mtupu, hakuna udongo hata wa kujaza kopo, jua linapiga juu na kurudi usoni, na chini kidogo tu ya sakafu ya shimo kuna maji yenye chumvichumvi. 1971 kampuni ikamuachia kazi René Haller, Mswisi aliyesomea kilimo cha nchi za joto, ajaribu kupafufua. Katika aina 26 za miti aliyopanda, zilizoshika vizuri zilikuwa 3: mvinje, mnazi na mti mmoja wa upande wa Somalia unaitwa damas.

Mvinje ndo uliobeba kazi yote. Mizizi yake ina vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka kwa hewa, kwa hivyo unaweza kusimama hata mahali hapana udongo. Shida ikawa yale majani yake membamba kama sindano, yanaanguka yanalundikana hayaozi. Hapo ndo wakaja jongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu ambao sote tumewachokoza utotoni wakajikunja. Haller akaona jongoo wanakula yale majani makavu, akaagiza waletwe kwa wingi, na mavi yao ndo yakawa udongo wa kwanza wa pale. Udongo ukaleta majani na wadudu, miti mingine ikafuata. Na penye shimo refu zaidi maji ya chini yakajitokeza yenyewe, yakawa mabwawa, wakaweka perege wa kufuga. Watu wa nje wakaanza kuruhusiwa 1984, wakati huo pakiitwa Bamburi Nature Trail.

Haya, sasa geuza hiyo hadithi iwe ramani. Bwawa lina samaki, kwa hivyo hapo utatafuta mdiria, mnandi, mbizi na makorongo ya kila namna. Ukingo wenye majani na matope una vyura na wadudu, hapo ni pa yangeyange, kukuziwa, vitwitwi. Mivinje ina wadudu na ina matawi ya kulala, kwa hivyo hapo tazama juu, wengine wanapumzika mchana kutwa na hakuna anayewaona. Na lile shimo lenyewe liko chini kuliko barabara, kuta zake zinakata upepo, kitu ambacho msimu wa kusi utakishukuru sana manake ufukweni Bamburi huwezi hata kushika darubini ikatulia, lakini ukishuka ndani ya shimo maji yametulia kabisa na ndege wamekaa kwa raha zao.

Uende lini

Saa ya kufungua geti. Kawaida wanafungua saa mbili asubuhi, na wewe uwe hapo na hela yako mkononi, sio saa nne na nusu na chai ya mahamri tumboni. Saa mbili mpaka saa nne ndo dhahabu, baada ya hapo jua linakuwa juu, ndege wanapoa, na mabasi ya shule yanaanza kumwaga watoto. Sina ugomvi na watoto, wacha waje wafurahi, lakini darasa zima la watoto wa darasa la nne likimuona mamba hapo bwawani hakuna yangeyange atakayebaki. Kama asubuhi huwezi basi jioni kuanzia saa kumi hivi. Watu wengi wanakusanyika kwa kiboko na mamba wakati wa kulishwa, wewe nenda upande wa pili wa mabwawa ambao saa hizo unakuwa wazi.

Kwa mwaka, kumbuka kaskazi na kusi. Kuanzia Septemba au Oktoba hivi mpaka Aprili kuna wageni kutoka Ulaya na Asia, ndo utaona vitwitwi wanakimbiakimbia ukingoni na wanatingisha mkia bila kupumzika, na keremkerem wekundu, wale wala nyuki, wanaoshuka kutoka kaskazini ya Afrika hii hii wakikaa mwambao wetu. Mvua za masika zikianza wageni wanaondoka lakini wenyeji wanaanza kujenga, na kama unataka kuona minana, wale ndege wanaosuka viota, wakiwa na akili zao zote basi njoo mvua ikishapiga siku kadhaa. Kwa hivyo hakuna mwezi mbaya, ila Desemba mwishoni watu wa bara wamejaa pwani yote, utapanga foleni hata kuona kunguru.

Kufika ni rahisi, matatu yoyote ya Bamburi au Mtwapa inayovuka daraja la Nyali inapita hapo barabara ya Malindi, mwambie makanga akushushe Haller Park, wote wanapajua. Bei ya kuingia mwenyeji na mgeni ni tofauti, beba kitambulisho.

Darubini, na namna ya kuitumia sawasawa

Ukiona darubini imeandikwa 8x42, namba ya kwanza ni inakuza mara ngapi na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Kwa anayeanza nane inatosha, tena ni bora kuliko kumi, kwa sababu ukikuza sana kila mtikisiko wa mkono unakuzwa pia. Na kwa bwawa lenye kivuli cha mivinje hiyo 42 inakusaidia kuingiza mwanga.

Ukinunua mtumba, na pale sokoni zinapatikana mara mojamoja, usifurahie jina lililochorwa juu. Elekeza kwenye nguzo ya stima iliyo mbali, ukiona nguzo mbili au macho yanaanza kuuma baada ya dakika moja basi mirija haiko sambamba, rudisha. Halafu igeuze, tazama kupitia lenzi kubwa kwenye mwanga, ukiona ndani kama utando wa buibui hiyo ni kuvu, na kuvu ya ndani ya lenzi hapa kwetu haiponi. Unyevu wa Mombasa unaua lenzi kuliko kuanguka. Ukipata nzuri ihifadhi kwenye mkebe wa plastiki unaofunga, na utupie humo vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kitu ambacho hakuna anayekwambia dukani: darubini lazima uirekebishe kwa macho yako wewe. Funga jicho la kulia, zungusha lile gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione tawi safi kabisa. Sasa funga la kushoto, usiguse gurudumu tena, zungusha ile ringi iliyo kwenye kioo cha kulia mpaka jicho la kulia nalo lione lile lile tawi safi. Basi, ringi imemaliza kazi, kuanzia hapo unatumia gurudumu peke yake. Kama unavaa miwani usiivue, zile raba za kuwekea macho zizungushe au zikunje ziingie ndani.

Na kumpata ndege ndani ya kioo, hapo ndo wengi wanakata tamaa siku ya kwanza. Ukimuona ndege kwa macho, usiangalie chini kutafuta darubini. Baki umemkazia macho, inua darubini mpaka ije yenyewe mbele ya macho yako, utamkuta yumo. Jizoeze nyumbani kwa kunguru, hawana shida hao, na wako wengi.

Simama bwawani, halafu usifanye kitu

Hapa ndo penyewe. Ukifika bwawa la kwanza utaona maji ya kijani, mivinje imeinama, na ndege labda wawili. Mtu wa kawaida anasema hakuna kitu, twende kwa twiga. Wewe kaa. Tafuta mahali mgongo wako uko kwenye mti au kichaka ili umbo lako lisionekane limesimama peke yake angani, jua liwe nyuma yako, nguo ziwe za rangi iliyopoa, kaki au kijani au hata kahawia, jezi nyekundu waachie wenye mpira. Kaa robo saa nzima bila kunyoosha kidole. Ndege hawakuwa wameondoka, walikuwa wamesimama tuli kama ulivyosimama wewe, wakisubiri kuona utafanya nini.

Anza kuchambua bwawa kwa vipande. Kwanza ukingo wa karibu kutoka kushoto kwenda kulia, polepole. Halafu ukingo wa ng'ambo. Halafu kila tawi linaloning'inia juu ya maji, na kila mti mkavu uliosimama ndani ya maji. Mwisho matawi ya juu ya mivinje. Ukishamaliza rudia, manake mara ya pili utaona kitu hapo hapo ulipoapa hapana kitu. Kile kibonge cha kahawia kilichojikunyata kama jiwe la ukingoni kwa mfano, kikiruka ghafla kinakuwa ndege mweupe kabisa, mabawa meupe yote, kisha anatua anakuwa jiwe tena. Huyo ni kongoti mdogo mwenye mgongo wa kahawia, na hiyo rangi yake nyeupe ameificha chini ya mgongo ndo maana kumuona ametulia ni mtihani. Na juu kwenye kivuli kizito cha mvinje angalia kama kuna mtu mnene wa kijivu, kofia nyeusi na jicho jekundu, amelala kasimama. Kongoti wa usiku huyo, anafanya kazi magharibi wenzake wakirudi nyumbani. Watoto wao ni kahawia wenye madoadoa meupe, hawafanani na wazazi hata kidogo, usije ukaandika ni ndege wawili tofauti.

Yangeyange sio mmoja

Kila ndege mweupe mwenye shingo mtaani ni yangeyange na inaishia hapo. Lakini ukitaka kuwatenganisha tazama vitu vitatu kwa mpangilio huu: mdomo, miguu, nyayo. Yule mdogo mwembamba wa majini ana mdomo mweusi, miguu myeusi, halafu nyayo za manjano, na akitembea kwenye maji machache anazitingisha zile nyayo kuwashtua samaki, ukimpata kwenye darubini akifanya hivyo hutamsahau. Yangeyange wa ng'ombe ni mfupi wa shingo, mdomo wa manjano, na yeye maji hayamsumbui sana akili, anafuata wanyama wakubwa ale panzi wanaorushwa na miguu yao, kwa hivyo pale atakuwa majanini karibu na pofu kuliko bwawani. Yule mkubwa kabisa ana shingo ndefu yenye pembe katikati kama imevunjika, na ukitazama mstari wa mdomo wake unapita nyuma ya jicho. Pwani yetu kuna mwingine wa kuchanganya, huyu anakuja na mavazi mawili, wengine weupe na wengine weusi wa kijivu wenye koo jeupe, na ni ndege wa aina moja. Ukimuona mweusi usikimbilie kusema umepata kitu kipya cha dunia.

Mdiria

Mdiria mweusi na mweupe ndo atakayekufanya urudi. Ananing'inia hewani juu ya bwawa, mwili umesimama mdomo umeelekea chini, mabawa yanapiga haraka, kichwa hakitingishiki hata kidogo, kisha anajiachia pu! Kwa sababu anaweza kuwinda kutoka hewani yeye hahitaji tawi, kwa hivyo mtafute katikati ya maji ambapo wengine hawafiki. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, wa juu mpana wa chini mwembamba, jike ana mmoja uliokatika katikati. Hiyo ni rahisi kuona hata kwa darubini mbovu, na inakupa kitu cha kuandika zaidi ya "nimeona mdiria".

Yule mdogo wa bluu anayeng'aa, mwenye mdomo mwekundu, ni kinyume chake, anakaa chini kabisa karibu na maji kwenye bua au tawi jembamba, kwa urefu hazidi kidole chako cha kati na nusu yake hivi. Wengi humuona akiwa ameshaondoka, mstari wa bluu unapita juu ya maji basi. Dawa yake ni kutomfuata. Ana matawi yake ya kudumu, aliporukia ndipo atakaporudi, wewe elekeza darubini kwenye lile tawi tupu na usubiri. Kama mdomo ni mweusi badala ya mwekundu, huyo bado mtoto. Na utasikia mdiria mwingine akipiga kelele kwenye miti mbali na maji, mwenye mdomo mwekundu uliokoza na kichwa cha kahawia, huyo hana habari na samaki kabisa, anakula panzi na mijusi, usishangae kumkuta msituni.

Mnandi na mbizi

Wote wawili weusi, wote wanapiga mbizi, wote wanakausha mabawa wameyatandaza juani, na ndo maana watu wanawachanganya. Tazama mdomo tu. Wa mnandi una ndoano mwishoni, anamshika samaki kwa kumbana. Wa mbizi umenyooka umechongoka, anamchoma samaki chini ya maji, kisha anapanda juu anamrusha hewani ili ammeze kwa kichwa. Mbizi akiogelea mwili wote unazama, inabaki shingo nyembamba inakatiza majini, mgeni anaweza kuapa ni nyoka. Kibisi naye ni mdogo mviringo, anazama kabla hujainua darubini na kuibuka mahali ambapo hukutarajia. Kukuziwa ana paji jekundu. Mabata sitayaelezea hapa, wanahitaji makala yao.

Minana kwenye minazi

Kama una mtoto au rafiki asiye na subira mpeleke hapa. Dume anatua pembeni ya jani la mnazi, anauma ukingo wa jani, halafu anaruka na kile kipande mdomoni, na uzito wa kuruka kwake ndo unaochana ule ukambaa mrefu wa kijani. Anaupeleka, anaanza na pete, anasimama ndani ya ile pete na kusuka kuzunguka mwili wake mwenyewe, kwa hivyo kiota kinatoka saizi yake. Kikishakuwa cha kijani bado, ananing'inia chini yake, anatikisa mabawa na kupiga kelele kama kondakta wa stejini akiita abiria, majike yanakuja yanakagua yanaingia yanatoka. Hakuna aliyekipenda na kimekauka kimekuwa kahawia? Anakivunja mwenyewe anaanza upya. Ukipata kundi moja kaa nalo nusu saa na uhesabu viota vya kijani na vya kahawia, utajua mambo yanaendaje.

Kuna wa aina zaidi ya moja pale mwambao. Mwenye kichwa cheusi na jicho jekundu anapenda kujenga kwa makundi makubwa yenye fujo. Yule wa dhahabu mwenye kichwa cha rangi ya chungwa iliyoiva ni wa mwambao huu wetu wa Afrika Mashariki, wageni wa mbali wanapanda ndege kuja kumtafuta na sisi tunamuona juu ya paa la duka. Majike wote ni wa manjano ya kufifia na wanafanana, usijitese.

Kunguru hawa wa rangi ya kijivu shingoni, wa kutoka Bara Hindi, wanavizia viota vya minana. Wameshajifunza kwamba binadamu akikazia macho sehemu hapo kuna kitu. Kwa hivyo ukiona kiota cha chini chenye mayai au watoto usikae hapo ukielekeza kamera, ondoka upesi, na usikate tawi ati linazuia picha.

Ndege wa kufugwa usimwandike

Pale ni bustani yenye wanyama waliookolewa na waliofugwa pia, wengi wanakumbuka kile kitoto cha kiboko kilichookolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 kikaletwa hapo kikashikamana na kobe mzee. Kwa hivyo ukiona mwari au korongo mwenye taji ametulia sana, anatembea karibu na watu kama anasubiri chakula, angalia kama ana ringi mguuni au bawa limepunguzwa, na muulize mfanyakazi wa pale. Hao huwaweki kwenye orodha yako ya ndege wa porini. Wafanyakazi wa pale wengi wana macho makali kuliko programu yoyote ya simu, salimia kwanza, uliza habari za kazi, ndo uulize leo kumeonekana nini. Ukifika kama inspekta utajibiwa "hakuna kitu".

Kuandika ulichoona

Daftari dogo na penseli, wino unachuruzika jasho likidondoka. Andika saa uliyoanza, saa uliyomaliza, hali ya hewa, halafu kila ndege na idadi. Ndege usiyemjua usiandike jina la kubahatisha, andika umbo: mkubwa kuliko kunguru au mdogo, mdomo wa rangi gani, miguu, alikuwa anafanya nini, yuko majini au mtini. Chora hata kama mchoro ni wa aibu. Picha ya simu iliyopigwa kupitia kioo cha darubini inasaidia pia, shikilia simu ikigusa kabisa ile raba ya jicho.

Ukirudi nyumbani ndo uingie mtandaoni. Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege, ni ya bure na ina kifurushi cha Kenya, kishushe kwa waifai kabla hujatoka manake kinakula bando. Inakuuliza ukubwa, rangi na mahali halafu inakupa majina ya kuchagua, ila ikikupa ndege wa kutoka Ulaya na wewe uko Julai, tilia shaka. Orodha kamili unaiweka eBird, tovuti ya kutunza orodha za ndege, na kamili maana yake ni ndege wote uliowatambua, hata kunguru na shore, sio wale wazuri tu. Kuna pia Kenya Bird Map, wao wamegawa nchi kwa miraba ya kama kilomita 9 kwa 9, unaandika ndege wa mraba mmoja kwa angalau saa mbili, na unaruhusiwa kuongezea kwenye orodha hiyo hiyo mpaka siku tano. Kwa mkaazi wa Bamburi au Kiembeni hii ni tamu, unaweza kumalizia mraba wako ukienda kununua mkate. Nature Kenya, ambayo mizizi yake ni ile jumuiya ya wanaasili iliyoanzishwa 1909, wao huhesabu ndege wa majini kila Januari na wanapokea watu wa kujitolea.

Vitu vya kuangalia usije ukajuta

Mamba na kiboko wako ndani ya uzio, na uzio uko hapo kwa sababu. Usipande ukuta wa bwawa kupata pembe ya picha, na usining'inize mguu majini ati maji ni ya kijani mazuri. Sehemu zilizofungwa na upande ambao kiwanda bado kinafanya kazi usiingie, kuna magari makubwa na askari wa zamu, na mtu mwenye darubini akitazama kiwanda ataulizwa maswali. Usiwapigie ndege sauti zao kwenye simu wakati wanajenga, dume anaacha kiota anakuja kupigana na simu yako. Usirushe mkate bwawani, unaharibu maji na unaleta kunguru. Maji ya kunywa beba lita moja na nusu kila mtu, kofia, na dawa ya mbu ukikaa jioni, ile mivinje ina mbu wenye hasira.

Ukishapazoea

Hatua ya pili ni Bamburi Forest Trails, nayo ni machimbo ya zamani yaliyopandwa miti, watu wanakwenda kukimbia na kuendesha baiskeli, ndege wa msitu ni wengi kuliko wa majini. Kwa vitwitwi na wageni wa matopeni kwa mamia nenda Mida Creek, Watamu, kati ya Oktoba na Machi, na uangalie jedwali la maji kwanza: ufike maji yakiwa yanajaa, yanawasukuma ndege kuja ufukweni ulipo. Ukifika maji yamekupwa kabisa utawaona wote, lakini kama nukta nyeusi kule mwisho wa upeo. Mlango wa mto Sabaki, juu kidogo ya Malindi, nao ni pazuri mno, ila hapo chukua kijana wa pale akuongoze, matope yake yanameza kiatu na viboko wa pale hawana uzio.